Mama na mwani wa Leith

Simu imeniletea tena ile picha ya Julai. Mama, kitambaa cheupe mapajani, amenyanyua kitu chembamba cha rangi ya damu ya mzee, anakitazama kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti.

Tulikuwa tumekwenda Uskochi kwenye mahafali ya mdogo wangu. Mahafali yenyewe nayaruka. Joho, picha, machozi ya Mama, mnayajua. Usiku mdogo wangu akatupeleka Leith, kwenye bandari ya Edinburgh, mkahawa wa aina ile ambayo mteja hachagui. Anaamua mpishi, kwa kufuata kilichoko baharini na shambani msimu ule, na vinakuja visahani kimoja baada ya kingine. Mdogo wangu alishawaandikia kwamba nyama yao hatuli na divai hatunywi, wakatupangia samaki na mboga. Usiku nausema kwa mazoea tu: saa tatu ilishapita na jua bado liko juu ya mto. "Jua la huku halina haya," Mama akasema, huku akipiga hesabu ya Magharibi.

Visahani vya mwanzo vimenitoka. Kaa, njegere mbichi, kitu chenye povu. Mkate naukumbuka, wa bere, shayiri ya kale ya visiwa vya Orkney. Tuliumaliza haraka kwa kuhofia hakitakuja cha kushibisha. Mama aliuliza kwa sauti ndogo kama wali unaletwa mwisho.

Ndipo vikaja viazi vichanga na kipande cha kibua wa bahari ile, na juu yake majani mekundu yaliyokolea, yanang'aa siagi. Mhudumu akaeleza kuwa inaitwa dulse, huchumwa kwa mkono kwenye miamba maji yakipwa. Nikamwambia Mama: mwani.

Akaweka uma chini. Akalitoa jani moja kwa vidole, akalikunjua, akalinusa, akalivuta kidogo kupima ugumu wake. Vidole hivyo vimekuwa vikifunga mbegu za mwani kwenye kamba tangu 1989, kilimo kilipoingia Paje, kijijini kwetu Unguja. Kila bamvua anashuka pwani na wenzake, wanavuna, wanaanika, wanauza, na mwani unapanda meli kwenda kuwa ute wa kugandishia dawa ya meno na aiskrimu za watu. Kinywani mwake haujawahi kuingia. Sasa akautia. Alitafuna taratibu, macho kwenye meza, sisi tumenyamaza.

"Muulize kilo wananunua ngapi."

"Mama, hapa hayaulizwi hayo," mdogo wangu akasema.

"Muulize, mwanangu."

Mhudumu hakujua, akaenda jikoni, akatoka mpishi mwenyewe, kijana mwenye ndevu. Bei aliyoitaja niliigeuza shilingi nikanyamaza kwanza. Kilo yetu, tena iliyokauka, kwa miaka mingi haikufika hata elfu moja. Nikajaribu kumweleza Mama kuwa si mwani mmoja, huu unaliwa wenyewe, wetu unatakiwa ule ute wake. Akaniuliza nimeanza lini kuwafanyia kazi wanunuzi.

Kijana akavuta kiti. Akasema kwao ni Orkney, na huko katika karne ya 18 watu walikuwa wakikusanya mwani na kuuchoma, majivu yakauzwa kwa watengeneza vioo na sabuni. Kazi ya wapangaji, faida ya wenye ardhi. Karne iliyofuata bei ikaanguka, wakabaki na moshi wao. Mama alisikiliza tafsiri yote mpaka mwisho.

"Na mizani ilikuwa ya nani?"

Kijana akacheka, kisha akaona hatucheki. Hakuwa na jibu.

Yaliyobaki yalipita: rasiberi, shayiri iliyokaangwa na asali, bili ambayo mdogo wangu aliikunja kabla hatujaiona, tramu ya kurudi.

Paje, Mama aliwaambia wenzake kwamba Uskochi mwani unaliwa na wenye pesa. Wapo waliosema wanunuzi wanajua siku zote na wanatuficha, wapo waliosema bibi huyu kadanganywa na wanawe. Mimi sijui niwe upande gani. Nilimletea ule wa kwetu, umepikwa kwa nazi, akasogeza sahani.

"Ule ulikuwa na siagi," akasema.