Majani ya mikoko hori ya Tudor: mifuko ya bamvua hili

Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, limenifikisha hadi ukingo wa chini wa hori ya Tudor, Mombasa, nikaitoa mifuko yote ninayopimia jinsi majani ya mikoko yanavyooza. Niliishona kwa chandarua kikuukuu chenye matundu madogo ili kaa wasiingie. Kaa akishakula jani, hakuna cha kupima. Ndani nilitia majani ya manjano yaliyodondoka yenyewe, ya mchu kando na ya mkoko wenyewe kando, ambazo ni aina mbili za mikoko. Mifuko mingine niliining'iniza mkondoni, mingine nikaifukia kwenye matope.

Mchu wa mkondoni umeoza kabisa. Ukisugua jani kwa kidole, nyama inatoka kama uji na mishipa inabaki. Mkoko bado una ngozi. Hilo nililitarajia: mkoko umejaa tanini, kemikali kali za mmea, ndiyo maana magome yake yaliuzwa ng'ambo kwa kutengenezea ngozi. Tanini hung'ang'ania protini, na vimeng'enya vya bakteria na kuvu ni protini, kwa hiyo hushikwa kabla havijaikata selulosi, yaani nyuzi za jani. Nilidondoshea maji ya majani hayo siki niliyolowekea misumari yenye kutu. Ya mkoko yakawa meusi ti, dalili ya tanini nyingi; ya mchu yakabadilika kidogo tu.

Kisha kipimo ninachokipenda zaidi. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya kusafishia vidonda, inauzwa duka lolote la dawa. Kimeng'enya cha katalasi huivunja ikawa maji na oksijeni, na povu ndilo ushahidi. Lakini chuma kilichomo matopeni nacho huivunja, basi kila sampuli naiosha na kuigawa mara mbili, nusu moja naichemsha. Kuchemsha huua kimeng'enya, chuma hakidhuriki. Jani la mkondoni lilitoa povu jingi likiwa bichi, likichemshwa karibu halitoi kitu. Kwa la matopeni tofauti ni ndogo mno.

Hapa ndipo mradi ulipoanza kuninyima usingizi. Matope ni yaleyale meusi yanayonuka yai viza, hayana oksijeni. Vimeng'enya vinavyovunja fenoli, kundi la kemikali ambamo tanini imo, vinahitaji oksijeni. Ikikosekana, fenoli zinabaki na kuvizuia hata vile vya selulosi. Jani linakaa, na kaboni yake inakaa nalo. Nadhani ndicho ninachokiona, ingawa povu linanionyesha katalasi tu.

Bamvua lijalo nitafukia mchu kwa vina vitatu, karibu na mashimo ya kaa na mbali nayo, kwa sababu mashimo hayo huingiza hewa chini.