Siku moja Kilombero kwa ndoana na mgono

Ukivuka Daraja la Magufuli kutoka Ifakara kwenda Lupiro mwezi wa saba, unakuta Mto Kilombero umeanza kurudi kwenye mkondo wake. Masika bonde lote hapo linakuwa kama ziwa. Maji yakishapungua yanabaki mabwawa, na vijito vinavyoyatoa maji mbugani kuyapeleka mtoni. Samaki nao wanarudi kwa njia hizo hizo, na ndipo mjomba wangu anapotegea. Nilimwomba tuvue kwa ndoana na mgono tu, nyavu zibaki nyumbani. Akanitazama juu mpaka chini. "Haya. Lakini jioni usije ukasema una njaa, mjomba."

Kazi ilianza jioni ya kuamkia siku yenyewe, maana kambale ni mtembezi wa usiku. Mgono ni kapu refu la fito za mianzi. Mdomo wa nje ni mpana. Ndani kuna mdomo wa pili, mwembamba, wa fito zilizochongwa ncha na kuelekezwa ndani zote. Samaki akizisukuma zinampisha, akitaka kurudi zinamchoma usoni. Nyuma kuna tundu la kumtolea, linafungwa kwa kamba ya ukindu.

Nilidhani mgono unatupwa tu majini. Kumbe kila kitu kiko kwenye upande unaotazama. Maji yanapopungua, mdomo unaelekezwa mbugani, kule yanakotoka, kwa sababu samaki anateremka nayo. Mvua kubwa zikianza mgono huo huo unageuzwa, kwani kambale anapanda kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Kushoto na kulia tuliziba kijito kwa uzio wa matete na udongo, ikabaki njia moja tu ya kupita. Mikono yangu ilinuka tope hadi asubuhi.

Alfajiri tukafua maji yaliyoingia mtumbwini kwa kopo la rangi, mjomba akashika upondo. Mgono wa kwanza ulikuwa na majani na kaa mdogo. Wa pili ulitikisika hata kabla hatujaushika: kambale wawili, mmoja wa kujivunia. Huyu samaki hafi upesi. Juu ya matamvua ana kiungo cha kuvutia hewa, kwa hiyo alilala chini ya miguu yetu akifunua mdomo mpaka jua likawa kali.

Baada ya hapo, ndoana. Vifaa vyenyewe havina makuu: ufito wa mwanzi, mshipi, ndoana ndogo, nati ya baiskeli badala ya chubwi, na boya lililokatwa kwenye kandambili iliyokwisha kazi. Kilichotutoa jasho ni chambo. Nyungunyungu tuliwachimba nyuma ya nyumba, kwenye migomba inayomwagiwa maji ya vyombo, tukawaweka kwenye kopo pamoja na udongo wao wenye unyevu. Kwa perege mjomba alikanda ugali na pumba ukawa mgumu wa kushika ndoana. Kwa kambale alikata vipande vya sabuni ya mche. Nilifikiri ananitania, lakini wavuvi wengi wanaitumia, harufu yake inasambaa majini.

Tulikaa kwenye kona ya mto, pale maji ya kasi yanapopakana na maji yaliyotulia kando ya magugu. Mjomba alirusha kwanza konzi ya pumba, tukasubiri bila kuongea sana. Perege hadonoi kwa pupa. Boya linatetemeka, linatulia, linatetemeka tena. Ukivuta hapo unaambulia ndoana tupu. Lisubiri litambae pembeni au lizame kwa mshazari, ndipo uinue ufito taratibu. Nilipofanya hivyo, perege walianza kuja, wa kiasi cha kiganja, na wadogo tukawarudisha. Hapo ndipo ninapoipendea ndoana: unachagua. Wanaomwaga utupa kwenye mabwawa wanaua mpaka vifaranga, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza sumu, ingawa mjomba anasema bado wapo wanaofanya hivyo usiku.

Kisha akanasa ngogo. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili kwenye mapezi ya ubavuni, na akitoka majini anaisimamisha na kuikaza isilale. Halafu analia, sauti ya mlango unaohitaji mafuta. Nilinyoosha mkono, mjomba akaupiga kofi. "Mwache kwanza! Fupisha mshipi, mbane nyuma ya miiba. Gumba upande huu, vidole viwili upande ule." Nilifanya hivyo, ndoana ikatoka, nami nikabaki na damu yangu yote.

Kuhusu mamba, mjomba ana masharti yasiyojadiliwa. Hukai ukingoni kabisa, huzoei sehemu moja ya kuchota maji, hupasui samaki pale unapovulia. Na jua likianza kuteremka unatoka mtoni, maana zile njia pana kwenye matete zimefunguliwa na viboko, nao hupanda malishoni jioni.

Njiani tulikutana na mchuuzi wa baiskeli, akamng'ang'ania yule kambale mkubwa mpaka mjomba akashusha bei. Mdogo tulifika naye nyumbani. Mke wa mjomba alimsugua kwa majivu hadi ute ukaisha, akampasua mgongoni, akamweka juu ya uchanja abanikwe kwa moto mdogo. Perege hawakungoja zamu. Walikaangwa wote, tukawamaliza kwa wali, na mjomba akanikumbusha kwamba wavu wake ungetoa pia wa kuuza kesho.