Nyaya za sebuleni: bado nahangaika na mita 10

Jumamosi. Projekta imeshaning'inia darini, spika zimesimama mahali pake, nami nimekaa sakafuni katikati ya nyaya. Kosa nililifanya mapema: nilinunua nyaya kabla ya kupima. Kutoka kwenye amplifaya, kupanda ukutani na kupita darini hadi kwenye projekta ni mita 10, si 6 nilizokisia kwa macho.

Nimeazima HDMI, yaani waya wa kupeleka picha na sauti, ya shaba yenye urefu huo. Picha inakuja, ila kwenye 4K (picha kali zaidi) ya fremu 60 kwa sekunde zinatokea chenga nyeupe, kisha picha inakatika. Nikishusha hadi 1080p, ukali wa chini yake, shwari kabisa. Basi waya si mbovu, umbali ndio umeushinda: 4K ya namna hiyo inataka data ya gigabiti zipatazo 18 kwa sekunde, wakati 1080p inatosheka na 4.5 hivi. Plagi za dhahabu haziongezi chochote hapo. Kazi ya dhahabu ni kuzuia kutu.

Jumatano. Nimepata HDMI ya nyuzi za mwanga. Nimeipitisha kwenye bomba la ukutani, jasho linanitoka, nikawasha: giza. Kumbe aina hii ina upande! Ncha moja ni ya kifaa kinachotuma picha, nyingine ni ya kinachoonyesha, na imeandikwa kwenye plagi kwa herufi za kutafutia miwani. Nikavuta yote nje. Safari hii nimeijaribu sakafuni kwanza.

Ijumaa. Spika za nyuma nazo ziko mita 10, na umeme huenda na kurudi, kwa hiyo nahesabu 20. Waya wa milimita za mraba 0.75 ungeleta ukinzani (kiasi waya unavyozuia umeme) wa karibu omu 0.46, wa 2.5 unaleta 0.14. Spika zangu ni za omu 8 na sitaki kuvuka asilimia 5, yaani 0.4. Nimechukua wa 2.5. Za mbele, mita 2 tu, nimezifungia ule mwembamba. Kabla ya kulipa nilikwangua ncha kwa kisu: weupe ndani ungekuwa alumini iliyopakwa shaba.

Jumapili. Spika ya besi inavuma. Waya wake wa sauti, wa RCA, ulilala sambamba na waya wa umeme. Nimeutenganisha, mvumo umepungua lakini haujaisha. Huenda uliobaki unaingilia kwenye waya wa antena ya TV; kesho nauchomoa nisikilize tena.