Vitufe 122

Nimevihesabu mara tatu. Mara ya kwanza nilipata 121, ya pili 123, ya tatu nikaviwekea alama ya chaki kimoja kimoja hadi nikaridhika: 122. Kibodi ninayoandikia kila siku ina vitufe 104. Hii nyingine nimeipakata tangu jua lilipozama, na miguu imeanza kufa ganzi kwa uzito wake.

Niliikuta Jumanne tulipokuwa tunahamisha makabati ya ofisi. Nyuma ya kabati la mwisho palikuwa na katoni iliyolainika kwa unyevu, ndani yake kebo zilizosokotana, kichapishi kisicho na kifuniko, na chini kabisa kitu nilichodhani ni betri kwa jinsi kilivyogoma kuinuka kwa mkono mmoja. Zaidi ya kilo tatu. Nilipoambiwa kwamba katoni nzima inakwenda jalalani, niliomba kibodi, nikapewa bila swali.

Nilibonyeza kitufe kimoja palepale, nikiwa nimeinama. Kilikaza, kikaendelea kukaza, kisha kikaachia kwa ghafla, na mlio wake ukafuatwa na mwangwi mwembamba wa chuma uliochelewa kuisha. Sijawahi kusikia kitu kama hicho kikitoka kwenye kibodi. Nikabonyeza vingine kumi hivi, watu wakageuka kunitazama, nikaifunga kwenye gazeti na kuondoka nayo.

Usiku ule nilitaka kujua jambo moja tu: hii ni kitu gani? Lebo ya chini ilikuwa imekwanguka. Jina la IBM, kampuni ya kompyuta, lilisomeka bila shida, na namba ya bidhaa ilianza na 6110, tarakimu za mwisho zikawa zimefutika. Dhana yangu ya kwanza ilikuwa Model M, ile kibodi ya 1985 ambayo hata wasiojali kibodi wamewahi kuisikia. Model M nayo ina toleo la vitufe 122 lenye umbo linalokaribiana sana na hili, kwa hiyo kwa kuitazama juu juu ni rahisi kupotea. Lakini namba za matoleo yale huanza na 13, si 61. Hapo nikaanza kushuku.

Jibu lilitoka chini ya kitufe. Niling'oa kifuniko cha herufi G kwa waya uliokunjwa, nikamulika kwa tochi. Kwenye Model M, vile vibomba vinavyobeba springi vimefinyangwa vyote kwa pamoja kwenye bamba moja la plastiki. Hapa niliona kibomba kimesimama peke yake, kimechomekwa kwenye tundu la bamba la chuma, na jirani yake vivyo hivyo. Hiyo ni Model F, mtangulizi wa M. Wengi wanamjua kwa kibodi ndogo ya vitufe 83 iliyokuja na IBM PC mwaka 1981, lakini ukoo wake ni mpana kuliko hapo, na huyu wangu hakuzaliwa kwa ajili ya PC hata kidogo.

Plagi ndiyo iliyonithibitishia. Ina pini tano na ni ya mviringo, kama ya PC AT, kompyuta ya IBM iliyofuata PC ile, na kama ningekuwa na haraka ningejaribu kuichomeka kwa nguvu. Pini za AT zimejipanga kwenye nusu duara, nyuzi 180. Hizi zimetanuka zaidi, nyuzi 240, kama kiatu cha farasi. Hii ni kibodi ya terminali: skrini na kibodi mezani, na kompyuta yenyewe, ile kubwa, ipo chumba kingine au jengo jingine kabisa.

Ikabaki kujua terminali ya aina gani, maana IBM ilikuwa na koo mbili. Moja ni 3270, iliyotangazwa mwaka 1971 kwa ajili ya kompyuta kuu (mainframe). Nyingine ni 5250, ya mashine za kati kama System/36 na System/38. Kibodi za koo zote mbili zilifanana kwa sura, zikatofautiana kwa maandishi. Ya 5250 ina Field Exit pale tulipozoea kuona Enter. Yangu pale ina mshale uliopinda tu, na neno Enter limehamia kulia chini, mahali ambapo leo pana Ctrl. Kushoto chini pameandikwa Reset. Juu kuna safu mbili za F, kutoka 1 hadi 24, na kando kushoto vitufe kumi vyenye majina kama Attn, Clear na ErEOF. Basi ni 3270. Nilijiona kama mtu aliyempata ndugu kwa kufuatisha alama za chale.

Kilichonikosesha usingizi kikawa kingine. Herufi za vitufe hivi hazifutiki, kwa sababu wino umepenyezwa ndani ya plastiki yenyewe kwa joto. Kinachobadilika ni ngozi ya kitufe: kinaanza na ukwaru kidogo, kisha vidole vinakisugua mpaka kinang'aa. Nikaigeuza kibodi chini ya taa nikasoma mng'ao. Tarakimu za kulia ziling'aa zote, hasa sifuri. Tab iling'aa. Enter pia. Lakini kilichong'aa kuliko vyote, kiasi cha kuakisi balbu, kilikuwa Reset. Kwa nini mtu abonyeze Reset mara nyingi kuliko herufi A? Akilini mwangu Reset ni kitufe cha balaa, cha kuzima kila kitu na kuanza upya.

Nikampigia shangazi. Alifanya kazi miaka mingi kama karani wa kuingiza takwimu, na siku zote alituambia alikuwa "anapiga mashine", nasi hatukuwahi kumuuliza mashine gani. Nilimsomea majina ya vitufe kwenye simu. Nilipofika ErEOF alicheka. Nilipouliza kuhusu Reset alinyamaza kidogo.

"Bado kuna kale kamtu?" aliuliza.

"Kamtu gani, shangazi?"

"Chini ya skrini. Ukiandika mahali pasipoandikwa, kibodi inajifunga. Inatokea X, halafu kamtu kadogo kamesimama katikati ya mishale miwili, mmoja huku, mmoja kule. Maana yake toka hapo, nenda kwingine. Basi unapiga Reset, unasogea, unaendelea. Mwanangu, kwa siku moja nilikuwa nampiga yule mtu mara mia."

Kila kitu kikakaa sawa. Terminali ya 3270 haikupeleka kila herufi kwenye kompyuta kama tunavyodhani. Kompyuta kuu ilileta fomu nzima kwenye skrini, yenye sehemu za kujaza na sehemu zilizofungwa. Karani alijaza polepole au haraka kadiri alivyoweza, akiruka kwa Tab kutoka nafasi hadi nafasi, na kompyuta haikujua lolote mpaka abonyeze Enter. Hapo ukurasa mzima uliondoka kwa mkupuo, na kibodi ikajifunga kusubiri jibu. Shangazi anakumbuka hata alama ya kusubiri: X na saa ndogo. Ndiyo maana Enter ilipewa mahali pa peke yake, mbali na mshale wa kushuka mstari. Zilikuwa kazi mbili tofauti, ingawa leo zimebanwa kwenye kitufe kimoja. Na Reset haikufuta kitu. Ilifungua kufuli tu.

Sikumjua aliyetumia kibodi yangu. Lakini sasa najua alikuwa na kasi, kwa sababu mwenye kuandika polepole haingii kwenye sehemu zilizofungwa mara nyingi hivyo. Anayeingia ni yule ambaye macho yako kwenye karatasi na vidole vimetangulia.

Alhamisi niliifungua. Skrubu zilitoka kwa taabu. Kati ya bamba la vibomba na ubao wa umeme kuna tandiko la sifongo, na sifongo ya zama zile haizeeki vizuri: ilikuwa imegeuka unga mweusi unaonata, kucha zangu bado zina ushahidi. Nilisafisha kwa brashi na pamba, nikakata tandiko jipya, na tundu zake nikazitoboa moja baada ya nyingine. Hiyo peke yake ilinila saa nne. Lakini ndipo nilipouona ule utaratibu kwa macho yangu, nikauelewa. Chini ya kila springi kuna kipande cheusi cha plastiki chenye kaboni, chepesi kama ukucha, kinachobembea. Ukibonyeza, springi inajikaza mpaka haiwezi tena, inapinda kwa kiuno ghafla, inagonga ukuta wa kibomba, na wakati huohuo inakibembeza kile kipande. Ubaoni hakuna vyuma vinavyogusana. Kuna vibati viwili vya shaba tu, na kipande kikisogea, uwezo wa kuhifadhi chaji kati yao unabadilika, kidhibiti kinahisi. Kwa hiyo mlio unaousikia na herufi inayosajiliwa ni tukio moja. Aliyeubuni utaratibu huu ni mhandisi Richard Hunter Harris wa IBM, na hataza yake ya Marekani ni ya 1978. Model M ilibakiza springi, ikaondoa ubao ule ikaweka utando wa plastiki, kwa sababu ya gharama. Nimezijaribu zote mbili na kwangu F ni nyepesi kidoleni, safi zaidi, na ule mwangwi wa chuma sibadilishani na kitu.

Kurudishia vifuniko kuna siri moja. Kibodi unaisimamisha wima, upande wa kitufe cha nafasi ukiwa juu, ili springi zote zilale upande unaotakiwa. Nilivirudishia vyote nikiwa nimeilaza mezani kabla sijajua hilo, na kumi na saba havikulia. Nikavitoa, nikaanza tena.

Kuiunganisha na kompyuta ya leo kulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Nyaya ni nne: volti 5, ardhi, saa (mapigo ya kupanga mwendo) na data. Kibodi inatumia msimbo wake wa terminali, seti ya tatu, ambao kompyuta haiupokei kupitia USB, kwa hiyo nimeweka katikati kibao kidogo chenye chipu ya ATmega32U4 cha kutafsiri. Leo saa tatu usiku nilibonyeza G, kitufe kilekile cha kwanza, na g ikatokea kwenye skrini. Nilibaki nimeitazama.

Aya hizi zote nimeziandika kwa kibodi hiyo. Kitufe kimoja, PA1, bado hakiitiki, nadhani kipande chake kimekaa upande, na itabidi nifungue tena. Kitufe cha kushoto chini nimekipa kazi ya Ctrl, maana vidole vyangu havijui namna nyingine, lakini kifuniko chake sikukibadilisha. Shangazi amesema Jumapili anakuja kukipiga.