Mizani ya Lucerne

Watu wakisikia kwamba nilipiga makasia kimataifa, huuliza habari za mbio. Mimi ninachokumbuka zaidi ni mizani, hasa ya asubuhi moja ya Kombe la Dunia, ziwani Rotsee, Lucerne, Uswisi.

Tulikuwa wawili kwenye boti, uzani mwepesi. Hakuna mwanamume aliyeruhusiwa kuzidi kilo 72.5, na wastani wetu usipite 70. Yaani mna kilo 140 za kugawana. Mwenzako akizidisha, wewe ndiye unayelipa. Na mnapimwa kila siku ya mashindano, si zaidi ya saa mbili wala chini ya saa moja kabla ya mbio.

Siku hiyo mwenzangu aliamka na 71.4. Mrefu, mifupa mitupu, hakuwa na pa kupunguza. Mimi nilikuwa 69.5. Gramu 900 zikawa zangu.

"Wewe hutoka jasho upesi, ndugu yangu," akaniambia, kana kwamba ananisifu.

Nikavaa suruali mbili na koti la mvua, nikakimbia kandokando ya ziwa kwenye jua la kiangazi. Mate niliyatema yote, maana nayo yana uzito. Wale wasio na kikomo cha kilo walikuwa wanakula mkate. Niliwachukia kwa dhati. Uzani mwepesi uliingia Olimpiki Atlanta 1996, ukaagwa Paris 2024. Wengi walisikitika. Mimi, nikiukumbuka mkate ule, sikusikitika sana.

Mizani ilisoma 139.9 kwa jumla. Tukaanza kunywa maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo, kwani ukibugia tumbo hukugomea majini.

Taa ya kijani ilipowaka tulichomoka vizuri. Mpiga makasia huupa mgongo mstari wa mwisho, kwa hiyo unaowaona ni wale unaowashinda. Kufikia mita 1000 niliwaona wanne, raha tupu. Kisha mapaja yakakauka, wakaanza kunitoka machoni. Maboya yalipobadilika rangi, zikibaki mita 250, nilikuwa nawaona wawili tu.

Tukamaliza wa nne. Maana yake mbio za kuokoa nafasi kesho yake, na kabla ya hizo, mizani tena. Jioni nikainua chupa ya maji. Mwenzangu akanitazama.

"Yote hiyo?"