Siku moja maishani mwangu: kuisoma zebaki nikiwa Mtwara

Saa 12 asubuhi. Umeme upo, basi kompyuta kwanza, chai baadaye. Naishi Shangani. Asubuhi nafundisha fizikia, muda unaobaki ni wa shahada ya uzamivu: miale ya gama ya zebaki-184 (184 ni jumla ya protoni na nyutroni zake), iliyopimwa Jyväskylä, Ufini. Mimi nimebaki na diski yenye data.

Saa 2 hadi saa 7, vipindi. Mawimbi, Kidato cha Tano. Tuendelee.

Saa 7 na nusu, kwa mama lishe, ugali wa muhogo na samaki wa nazi.

"Mwalimu, zebaki yako ndiyo ile ya kukamatia dhahabu?"

"Ndiyo hiyo, mama, ila yangu imepungukiwa nyutroni. Ile ya wachimbaji haishuki chini ya nyutroni 116, yangu ina 104. Ndani ya nusu dakika nusu yake imeshageuka kitu kingine."

"Sasa mnaiona saa ngapi?"

Wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza swali zuri hivyo. Hatuioni, mama. Kiini cha atomu kikizaliwa kinazunguka kwa kasi, kisha kinashuka daraja kwa daraja la nishati, na kila daraja kinatupa mwale. Vigunduzi vya jemaniamu, vilivyopozwa kwa nitrojeni ya kimiminika, vinaudaka.

Saa 9 alasiri nafungua spektra, yaani grafu ya miale kwa nishati yake, na hapa sina haraka. Vilele vitatu: keV (kipimo cha nishati) 340, 287 na 367, kutoka daraja la juu kwenda chini. Kiini kilichorefuka kikizunguka, kila hatua ya juu huwa kubwa kuliko ya chini yake. 340 juu ya 287, sawa. Lakini ya mwisho, badala ya kupungua, inaruka hadi 367! Sababu ni kwamba madaraja ya juu ni ya umbo refu, lakini kiini kikitulia kabisa kinakuwa kimebonyea kidogo, kama kitumbua. Maumbo mawili kwenye kiini kimoja, na hilo refu linaanzia keV 375 tu juu ya jingine. Dalili zilionekana mapema: mwaka 1972, ISOLDE kule CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, ukubwa wa kiini cha zebaki uliruka ghafla kati ya zebaki-187 na zebaki-185. Kwangu hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote za fizikia ya viini, na wanaokimbilia chembe ndogo zaidi wanikasirikie tu.

Saa 2 usiku, simu ya msimamizi. Kiangazi saa za Ufini na zetu ni zile zile, kwa hiyo hakuna kisingizio. Anataka kilele cha 340 kipimwe upya, mandharinyuma yake, yaani miale mingine iliyochanganyika nacho, haimridhishi. Namwambia Jumamosi, nina madaftari ya kusahihisha.