Presha ilivyoniporomokea kabla hata ya kisu

Mimi kazi yangu ni usingizi, kuwapiga watu nusu kaputi, na hii ilinikuta mwaka wa kwanza kazini. Mzee wa miaka 68, henia imebana, presha 170/95 ila mwenyewe anacheka tu, "mwanangu nilaze vizuri nisije nikasikia kisu". Nikamlaza, tyubu ya kupumulia ikaingia, nikafungua halotheni, gesi ya usingizi, mpaka asilimia 2 nikageuka kujaza chati. Daktari wa upasuaji bado ananawa mikono, na yule bwana akianza kunawa utadhani anaenda kuposa.

Mashine ya presha ikajaa upepo, ikatoa, ikajaa tena. Ikihangaika hivyo ujue haijapata namba. Ikaja 72/38, mapigo 46.

Yani kawaida presha ikishuka moyo unakimbia kufidia, ila hii gesi haizimi fahamu tu, inapoozesha na zile neva zinazoupa moyo taarifa, halafu halotheni inalegeza msuli wa moyo wenyewe, ndo maana vyote viwili vilishuka pamoja. Ingekuwa aisoflureni, gesi nyingine ya usingizi, ile inatanua zaidi mishipa, mapigo huwa yanapanda. Na kosa langu hili hapa: asilimia 0.75 tu ya halotheni inatosha nusu ya watu wasijitikise kisu kikipita, mzee anahitaji pungufu ya hapo, mimi nimemwachia 2 na hakuna hata anayemgusa!

Nikarudisha 0.5, oksijeni juu, dripu ikimbie, sista akanyanyua miguu ya mzee. Atropini ya kuharakisha mapigo, kisha efedrini ya kupandisha presha, miligramu 6. Mkono ulishaanza kwenda kwenye adrenalini nikaurudisha, maana moyo wenye halotheni ukikutana na adrenalini mapigo yanaweza kuvurugika vibaya. Dakika kama tano hivi, 112/64. Dokta anaingia mikono juu, "Tayari?" Tayari dokta. Nilimwambia tulipotoka.

Jioni nikamkuta mzee wodini anadai chai. Dawa ya presha ulikunywa lini? Leo asubuhi, zote, binti yangu kasema presha isije ikaniaibisha mbele ya madaktari. Mojawapo ni losatani, na hiyo tunapendelea mtu aiache siku moja kabla, maana ikikutana na usingizi presha inaweza kuporomoka. Kwa dharura usingeweza kuahirisha, ila ningejua ningeenda nayo polepole, na mimi nilikuwa nimemuuliza tu "una presha?" akasema ndio, nikaandika ndio.